Moshi wa Pili

Mwaka ule wa 1954, kila Jumanne na Ijumaa kabla ya kwenda shule, Gesare alitembea peku kwenye uwanja wa ndege wa nyasi karibu na Kiogoro, akitafuta mashimo ya fuko. Baba yake, Mzee Ondieki, ndiye aliyekuwa mlinzi wa uwanja. Alifukuza ng'ombe, kisha akawasha moto wa majani mabichi ili rubani aone moshi na kujua upepo unakoelekea. Mashimo yalikuwa kazi ya Gesare.

"Nyayo zako zinaona kuliko miwani yangu," baba alimwambia, ingawa hakuwa na miwani.

Rubani alikuwa kijana Harjit, mzaliwa wa Kisumu, mtoto wa mwuza nguo. Alikuwa na miezi sita tu kazini, na tayari ilikuwa imemchosha. Ndege yake ndogo ilileta barua, dawa za hospitali na makasha ya vifaranga walioishinda injini kwa kelele.

"Wenzangu watarusha ndege kubwa mpaka Bombay," alilalamika kila aliposhuka. "Mimi nimekuwa mama wa kuku."

Ijumaa moja Gesare alifika katikati ya uwanja, akaona pembeni mpera wenye mapera yaliyoiva. Tangu Januari hakuwa amepata hata shimo moja. "Fuko wote wamehamia Nyamira," alijiambia. Akachuma mapera, akarudi.

"Umefika mwisho?" baba aliuliza.

"Nimefika."

Mngurumo wa ndege ukasikika. Papo hapo, kule mwisho wa uwanja, ng'ombe wa jirani akajikwaa, mguu ukazama hadi goti kabla ya kuuchomoa. Gesare akaliangusha pera alilokuwa akila. Baba alikuwa ameinama akipuliza moto, hakuona kitu. Gesare akinyamaza, pengine gurudumu litalikosa lile shimo. Pengine.

"Tata," alimwita baba yake, "nimekudanganya. Sikufika mwisho. Kuna shimo kule."

Mzee hakumkemea. "Washa wa pili," alisema, akachukua jembe, akakimbia.

Moshi mmoja ulionyesha upepo. Miwili ilimwambia rubani asitue. Gesare alichukua kijinga cha moto. Majani makavu ya mgomba yalishika, yakazima. Ndege ikashuka hadi akaona magurudumu. Akapuliza tena, machozi yakimtoka, na uzi mwembamba wa moshi ukapanda. Ndege ikanguruma juu ya kichwa chake, ikainuka.

Ikazunguka mara moja, mara mbili, mara sita. Baba alijaza mawe na udongo, akashindilia kwa miguu, kisha akainua jembe juu. Gesare akaufukia ule moto wa pili.

Ndege ikatua, Harjit akashuka. Leo hakutaja kuku. Alitumbukiza kijiti kirefu katika tangi la mafuta, akakitoa. Kilikuwa kimelowa ncha tu.

"Hiki ni cha kupimia mafuta kabla ya kuruka," alisema polepole. "Asubuhi nilikiacha kwenye kiti. Nilijiambia, safari ya vifaranga, ya nini kupima?"

Gesare alitazama chini. "Mimi nilijiambia fuko wamehamia Nyamira."

Mzee Ondieki aliwatazama wote wawili. "Mna ugonjwa mmoja. Mmeiona kazi ni ndogo, mkaifanya nusu. Kazi ya nusu haishibishi moyo, ndiyo maana inawachosha. Na wewe Gesare, uongo wako ungemwua mtu. Ukweli umemwokoa, lakini siku nyingine usiucheleweshe. Hayo mapera nitayala mimi."

Walijaza tangi kutoka pipa la akiba. Harjit akapima mara mbili.

Jumanne iliyofuata alishuka akipiga mluzi, akafungua makasha mwenyewe.

"Umefika mwisho?" alimwuliza Gesare.

"Nimefika, nikapitiliza hadi kwa jirani. Ng'ombe wake anakusalimu."

"Na mama wa kuku anasemaje leo?" Mzee Ondieki akauliza.

Harjit akamaliza kwanza kuhesabu vifaranga. "Mia moja na ishirini, Mzee. Wote wazima. Bombay itangoja."