Galoni la Mbege

Kwanza kilisikika chuma kikigonga sakafu, kisha sauti: "Pisheni! Mtungi!"

Aikande aliruka pembeni ya korido ya hospitali. Gauni lake la kitenge cha njano likanaswa na gurudumu la toroli, likachanika.

"Umenichania nguo, kaka!"

"Nitakununulia nyingine, dada. Au nikuoe kabisa, niwe nakununulia kila sikukuu."

Aikande akacheka, siku ambayo hakuwa na sababu ya kucheka. Kisukari kilikuwa kimeharibu figo za mama yake, na sasa kilikuwa kinakula kumbukumbu. Vidonge peke yake havikutosha. Daktari wa hospitali hiyo ya Moshi alitaka kuviunganisha na oksijeni, mgonjwa akilala ndani ya chemba maalumu kila asubuhi. Sharti lilikuwa moja: sukari isipande.

Filemon, yule msukuma mitungi ya oksijeni, aliomba namba yake, akawa anapiga simu kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Mama kaniita jina la shangazi."

"Vumilia, malkia wangu."

Jumapili alipanda Marangu, nyumbani kwa kina Aikande, kujitambulisha, shati jeupe, viatu vinang'aa. Mchaga gani huenda ukweni mikono mitupu? Alibeba galoni la mbege, pombe ya ndizi. Aikande akiwa jikoni, mama akaomba kata moja. Angemnyimaje mkwe? Akammiminia. Mama akasahau kwamba amekunywa, akaomba tena. Akammiminia tena.

Jumatatu sukari ilikuwa juu. Daktari akaisimamisha tiba.

"Kutwa unasukuma oksijeni, halafu unammiminia mama yangu pombe!" Aikande alifoka kwenye simu.

"Aliomba mwenyewe! Nimkatalie, nionekane sina adabu?"

"Adabu yako itamzika."

Akakata. Filemon akapiga, akapiga, simu haikupokelewa. Hasira ikamkaba: kwa daktari, kwa mbege, kwa ugonjwa usiojua heshima ya mtu.

Akarudi Marangu na jani la isale, lile ambalo Mchaga akiletewa hana budi kusamehe.

"Usinilazimishe kwa jani," Aikande alimzuia mlangoni. "Kesho anapimwa tena. Sukari ikiwa juu, basi, wanamtoa kwenye tiba. Mpelekee uliyemkosea."

Ndani, mama akalipokea, akalipapasa.

"Isale hili. Nani amekosa?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

Filemon akainama. Nyuma yake Aikande alivuta kamasi, kisha vidole vyake vikashika vya Filemon, kwa nguvu, kama bado amekasirika.

"Filemon, mama. Kesho nakuja kukupeleka kupimwa, urudi kwenye oksijeni. Nakuja mikono mitupu. Ukiomba mbege nitakunyima, na ukisahau, ukaomba tena, nitakunyima tena."