Mteja wa Angkut Merapi

"Zima hiyo kampuni, Ratri. Washa ile inayosafirisha bure, tuuze kama wenzetu."

Ratri aliukodolea macho ukurasa wa duka lake kwenye simu, mama yake akimsemea mgongoni. Wenzake wote wa Klaten wanaouza sambal, pilipili ya kusaga ya chupa, walishahamia kampuni kubwa, ambako mteja halipii nauli ya mzigo hata rupia moja. Yeye bado aling'ang'ania Angkut Merapi, kampuni ndogo yenye nauli ya juu, na oda zake zilikuwa zimeporomoka. Akajitetea kwamba kwa hao wengine chupa zitavunjika njiani.

Mama yake, Bu Lastri, akaweka mwiko chini.

"Unazionea huruma chupa, au unamwonea anayekuja kuzichukua?"

Anayekuja kuzichukua aliitwa Wisnu. Mwaka na nusu sasa, kila siku saa kumi alasiri, anafika na pikipiki, anapanga maboksi, anakunywa chai ya baridi akiwa amesimama, anashukuru, anaondoka. Hajawahi kutupa hata neno moja la utani. Ratri alishampenda hadi basi, na alishajiambia mara mia kwamba mwanaume huyo hana habari naye. Lakini kumkosa kabisa ndiko hakukuweza.

Alasiri hiyo alijikaza, akamwita kwa heshima ya kaka.

"Mas Wisnu, hii ndiyo mizigo ya mwisho. Nahamia kampuni nyingine."

Wisnu akabaki na boksi mkononi.

"Ya mwisho kabisa, Mbak?" akauliza, kwa lile neno la "dada" analomwitia kila siku.

"Kabisa."

"Umeshabadilisha kwenye duka?"

"Bado."

"Badilisha basi, nione."

Ratri alitamani kumrushia chupa. Alitegemea abembelezwe, kumbe mwenzake anataka uhakika wa kuachwa. Akabonyeza, akamwonyesha. Wisnu akacheka meno yote nje, akafunga mizigo na kuondoka bila kumaliza chai. Ratri aliingia jikoni akalia, akasingizia vitunguu. Vitunguu vyenyewe vilikuwa havijamenywa.

Kesho yake msafirishaji mpya alikuja asubuhi, akabeba maboksi ishirini na sita bila hata salamu. Bu Lastri aliimba siku nzima. Ilipofika saa kumi, Ratri alijikuta anasikiliza pikipiki za barabarani, akajichukia. Ndipo simu ikaita, namba ngeni.

"Mbak Ratri? Ni Wisnu."

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Iko kwenye lebo ya kila boksi. Ninayo kichwani mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu, na hukupiga hata siku moja?"

"Kazini kwetu ukimtongoza mteja unafukuzwa siku hiyohiyo. Mwenzangu alimtumia mmoja ujumbe wa kumsifia gauni, mpaka leo anatafuta kazi. Na mimi mama ananitegemea. Nilikuwa nakuombea uondoke."

"Si ungeniambia niondoke?"

"Ningekuambiaje, na ulikuwa mteja?"

Ratri akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kila siku aliyoibakiza ile kampuni ili asimkose, alikuwa anamfungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa uko wapi?"

"Getini kwenu. Ila siko peke yangu. Nilimwambia mama tunapita kusalimia tu, kavaa kebaya, ile blauzi yake ya harusini."

Bu Lastri alishachungulia dirishani na alikuwa anavua aproni mbiombio. Akamtuma Ratri akabadilishe nguo, ananuka vitunguu saumu. Ratri hakumsikia, alishafika getini.

Wisnu alikuwa amevaa shati la batiki, jasho linamtiririka. Mama yake akamtangulia kusema.

"Ndiye wewe? Nimechoka kusimuliwa. Mwanangu, tukija na wazee wetu, mtatupokea?"

Ratri akamtazama Wisnu kwa furaha.

"Tutawapokea, mama. Ila duka langu kwenye kampuni yake halirudi ng'o."

"Usirudi," Wisnu akasema. "Usirudi kuwa mteja wangu tena maisha yako yote."