Upana wa Kiganja kwenye Dirisha la Nyuma

Jioni ya kwanza volet za chuma za madirishani ziliposhuka zenyewe, moja ilikataa.

Nyingine ziliteremka vizuri, taratibu, kwa mngurumo wa mota mpya, na Kavugho alisimama sebuleni na simu mkononi akijiona malkia. Kidole kimoja tu, na madirisha ya nyumba ile kuukuu ya mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi, yanajifunika chuma! Lakini volet ya chumba cha nyuma ilibakiza upana wa kiganja, ikasimama. Simu ikaandika kwa Kifaransa kwamba kuna kitu kimeizuia.

Kavugho akatoka nje kutazama. Hapakuwa na kitu, wala jiwe wala mjusi. Hewa iliyopita kwenye upenyo ule ilikuwa baridi na ilinuka utambi wa koroboi uliozimwa sasa hivi, ingawa yeye hakuwahi kuwa na koroboi. Akabonyeza kitufe akakishikilia. Mota ikalia kwa uchungu, kama mtu anayesukuma mlango ambao mwingine anausukuma upande wa pili, kisha chuma kikagonga kizingiti.

"Mi njo mwenye nyumba," akasema, akacheka peke yake. Kicheko hakikudumu, maana ndani ya chumba kile kisicho na mtu kitu kilikwaruza chuma, toka kushoto hadi kulia, polepole, kikarudi.

Tusimlaumu upesi. Ulikuwa mwaka ule vita vya mashariki vilipomeza miji mizima, na Kavugho alikuwa amekimbia kutoka Butembo akiwa na mume wake Vital, mabegi, na binti yao Benita wa miaka mitano, mtoto pekee aliyemfikia mkononi baada ya mimba kuharibika moja baada ya nyingine. Hata Lubumbashi kwenyewe hakukuwa shwari. Majambazi waliingia nyumba za watu mchana kweupe, na Vital alikwenda Kasenga kuchukua samaki, barabara ikafungwa nyuma yake. Mwanamke wa namna hiyo, mwambie abakize dirisha wazi uone atakavyokutazama!

Na aliambiwa. Nyumba walikuwa wameuziwa na Mariam, mjane Mwislamu mwenye asili ya Maniema, aliyebaki kwenye nyumba ndogo upande wa nyuma wa uwanja ule ule pamoja na mwanawe Shafi. Shafi ni fundi umeme. Yeye ndiye aliyetoa mikanda ya zamani ya kuvutia volet kwa mkono, akatia mota na betri. Siku alipofikia dirisha la nyuma, mama yake alikuja na kanga yake kichwani, akamshika Kavugho mkono.

"Mama Benita, ile dirisha hatuifungaka yote. Ku magaribi mutu anaishusha na mukono, anasema bismillahi, anabakisha nafasi ya kiganja. Iko mwenyewe anapitaka pale. Asubuyi anarudi ndani."

"Nani?"

"Ule wa kale. Bakwe zangu balimukuta apa. Ukimupa njia yake, hana maneno na muntu."

"Mama Shafi, miye niko muntu wa kanisa. Bintu ya majini sipendi."

Mariam hakukasirika. Alipofika mlangoni aligeuka. "Bon. Lakini kama umemufungia, usimufungulie na jua. Jua inamuunguza. Atatuma mwingine mbele, amuonee njia. Ngoja magaribi."

Kavugho aliitikia kwa kichwa, kama tunavyowaitikia wazee tunapotaka waende zao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba wakati mwingine guu linalovunjika si la yule aliyekataa kusikia.

Asubuhi volet zote zilipanda, ile ya nyuma ikabaki chini. Shafi alikuwa ameshaondoka alfajiri kwenda kazini Kinsevere, na simu yake haikupatikana. Kavugho akapaka mafuta ya maombi kwenye mlango wa chumba kile, akamkataza Benita asiingie. Mtoto akamtazama kwa mshangao.

"Mama, kule ndani iko mutu. Anagongaka kichwa ku dirisha. Amekosa njia."

"Nyamaza. Hakuna mutu."

"Aliniuliza jina yangu."

"Ukamwambia?"

Benita akaendelea kumsuka nywele mwanasesere wake.

Ilipokaribia saa sita, risasi zikalia upande wa mjini. Barabara ikawa tupu kufumba na kufumbua. Wauza mkate wakakimbia, mageti yakafungwa, na mtandao wa simu ukakatika. Kavugho alikuwa jikoni. Akamwita Benita, Benita hakuitika. Na hapo, bila mtu kugusa chochote, volet zote zikashuka pamoja, ya jikoni, ya sebule, ya vyumba vya kulala, na ile ya mlango mkubwa aliyoitaka yeye mwenyewe kwa ajili ya majambazi, zikashuka si taratibu kama jana bali kwa kishindo, na mchana ule wa jua kali ukageuka giza la kaburini.

Akabonyeza simu. Hakuna kitu. Akapapasa hadi kwenye betri ukutani, akazima swichi, akachomoa waya, na hapo ndipo hofu ilipomshika barabara, kwa sababu mota zilizokosa umeme ziliendelea kunguruma, madirisha yote, kwa sauti ya chini yenye kupanda na kushuka, na alipotega sikio akatambua kwamba zilikuwa zinapumua. Harufu ya utambi ikajaa nyumba nzima. Toka chumba cha nyuma akasikia sauti ya binti yake ikinong'ona, ikinyamaza kama anayesikiliza, ikinong'ona tena.

Hakumbuki aliufikiaje mlango ule. Aliusukuma kwa bega, akaingia.

"Benita!"

"Niko apa, Mama. Ku kitanda." Sauti ilikuwa ndogo mno. "Ananishika mukono. Mukono yake iko baridi."

Kavugho akamkuta kwa kupapasa, akamvuta kifuani. Mtoto akaja nusu tu. Mkono mmoja ulibaki umenyooshwa gizani, umekazwa, na kila mama alipovuta, upande wa pili nao ulivuta, bila hasira, kama mtu anayesema: mimi pia sitoki.

Akapiga ukelele. Nje ya dirisha zikasikika kandambili zikikimbia.

"Mama Benita! Ni miye, Mariam! Mutoto iko wapi?"

"Iko naye! Amemushika! Mama Shafi, nifungulie!"

"Uku inje hakuna pa kushika. Sikia. Usilie. Kama uko nalia, anaogopa, anakaza. Ikala chini naye. Musemeshe bizuri. Ku magaribi utamupandishia ile kiganja, atatoka mwenyewe, atamuacha mutoto."

"Ni saa ngapi?"

"Saa saba."

Masaa matano mazima hadi magharibi! Kavugho akaketi kitandani, akajaribu, Mungu ni shahidi alijaribu. Akasema kwa ulimi mzito, "Pardon, Papa. Sikujua." Mngurumo ukatulia kidogo. Lakini vidole vya Benita alivyovishika vilikuwa vinapoa, na pumzi ya mtoto ilianza kupungua, na kati ya pumzi na pumzi pakawa na nafasi, na nafasi ile ikawa inarefuka, hadi mama akajikuta anahesabu kimyakimya na kuogopa kufika mwisho wa hesabu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wewe ungengoja?

Akanyanyuka, akapapasa hadi jikoni, akarudi na panga na mchi wa kinu.

"Uko nafanya nini?" Mariam akauliza nje. "Mama Benita, apana! Jua iko juu!"

"Mutoto wangu anakufa!"

"Ngoja! Nakuomba! Atatuma mwingine!"

Hakusikia. Alilichomeka panga chini ya chuma, akalikandamiza kwa uzito wake wote, akaingiza vidole, akainua huku kucha zikivunjika, na volet ikapanda, kidogo, kidogo tena, hadi akausukuma mchi ukalala chini yake. Upana wa kiganja. Ukanda wa jua ukaingia, ukalala sakafuni.

Kitu kikapita juu ya mikono yake. Alitarajia baridi, lakini kilikuwa na joto. Kilikuwa chepesi, kikanuka sabuni na mkate, kikateleza nje kwa haraka.

Mota zikanyamaza. Kavugho akaanguka kwa magoti, analia na kucheka. "Ametoka! Mama Shafi, ametoka!"

Nje, Mariam aligeuka huku na huku. Kisha akasema kwa sauti iliyokauka, "Nasikia miguu ya mutoto. Inakimbia apa ku uwanja. Sioni muntu."

Kavugho akageuka. Benita alikuwa amekaa kitandani, mzima, mgongo umenyooka. Ukanda wa jua ulikuwa unakaribia miguu yake, naye akaikunja juu taratibu, kama mzee anayeyahurumia magoti yake.

"Funga, Mama," akasema. "Jua inaniunguza."

Na kutoka nje, karibu kabisa na upenyo, ikaja sauti ile ile ya Benita, ila hii ilikuwa na kilio ndani yake.

"Mama, niko uku. Juu ya nini Mama Shafi hanioni?"

Kavugho akajitupa chini, akapitisha mkono wote kwenye upenyo hadi begani. Jua likamwangukia kiganjani. Akapapasa hewa, na vidole vidogo visivyoonekana vikavikamata vyake, vya moto, vyenye jasho, vya mtoto aliyetoka kukimbia. Mariam alianza kusoma kwa sauti Ayatul Kursiyyu, aya ya kujikinga.

Nyuma yake kitanda kikalia. Hatua nyepesi zikakanyaga sakafu, zikiuzunguka mwanga. Mwili mdogo, baridi, ukamlalia mgongoni, mikono ikamzunguka shingo kwa upendo, na mdomo wenye harufu ya utambi ukamgusa sikio.

"Mama. Funga."

Kavugho akaukaza mkono wake wa nje, akafumba macho, akaanza kungoja magharibi.