Nyuma ya Ganda

Jioni ile nilikwenda bandani kufunga betri, basi. Kesho yake mdogo wangu wa kiume angeingia majini peke yake na boti ndogo ya tanga ya marehemu baba, na betri isiyofungwa humponda mtu miguu chombo kikilala upande. Marehemu tunasema kwa adabu tu: miaka miwili iliyopita boti ilirudi bila yeye.

Faibaglasi haipigwi misumari. Ganda la boti halizidi unene wa kidole kidogo. Ukilitoboa, umekaribisha maji. Unaparuza kwa msasa, unabandika kipande cha mbao kwa gundi, kisha skrubu zinaingia kwenye mbao. Ikikauka, unagonga. Ikitoa sauti nzito, mafundi husema imejibu.

"Profesa, hiyo gundi inasubiri matokeo ya mtihani?" mdogo wangu alinichungulia mle botini.

"Inasubiri usife. Nenda kalete balbu."

Akaondoka akicheka.

Gundi ilipokauka, nikagonga vipande vyangu viwili. Vikajibu vizuri. Cha tatu alikibandika baba kabla hajapotea, chini ya kitanda cha humo botini.

Ko, ko, ko.

Kimya...

Ko.

"Acha utoto!" nikafoka. Nikatoa kichwa nje. Hapakuwa na mtu. Boti imekaa juu ya magogo, hewa tupu pande zote.

Nikarudi chini, nikaweka kiganja kwenye mbao ile. Ya moto. Harufu ya gundi mbichi ikanijaa puani. Nimesoma kemia, gundi ikiganda hutoa joto, hilo halina uchawi. Lakini gundi ya miaka miwili?

Kisha sauti, ndani ya ukuta, karibu na sikio langu.

"Mama..."

Baba peke yake ndiye aliyeniita hivyo.

"Mama... nibandue."

Sikutaka kujua kama ni yeye au kitu kilichojifunza sauti yake. Nilijua jambo moja: mdogo wangu halali humu, wala haendi nayo popote. Boti iliyotoboka haiendi majini. Nikachukua drili, ncha nene ya kutobolea njia ya bomba, nikaikandamiza katikati ya mbao.

Ikazama. Ikazama yote, urefu wa kiganja.

Nilipoichomoa ilikuwa inachuruzika maji. Ya chumvi. Ya baridi.

"Dada! Umetoboa boti?" Balbu ilimponyoka, ikapasuka.

"Nimetoboa. Kesho huendi."

"Una wazimu wewe!" Akazunguka nje na tochi. Nikamsikia akipapasa ganda, mara ya kwanza, mara ya pili. Akarudi taratibu.

"Huku nje hakuna tundu."

"Twende nyumbani."

"Ngoja nipime." Kabla sijamvuta, alikuwa amechomeka kidole. Kikaingia chote.

Akatulia. Akanitazama kama alivyonitazama utotoni, umeme ulipokatika.

"Dada," akanong'ona, "kuna mtu ananishika."