Mashine Iliyosingiziwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tabu alimpelekea babu yake uji usio na sukari pamoja na vidonge vya kisukari na vya presha. "Mke wangu, leo umenipikia maji ya kuoshea vyombo," Mzee Khalfani humtania, kisha humeza vidonge vyote. Ndiye aliyemlea Tabu tangu mama yake alipofariki.

Ulikuwa mwaka wa korona. Babu alipoanza kukohoa, shangazi yake Tabu, Zubeda, alichemsha majani ya mwarobaini akamfukiza. Wengi walifanya hivyo. Balaa ni kwamba aliviondoa na vile vidonge, akidai dawa za hospitali zitagombana na za majani.

Tabu alisihi babu apelekwe hospitali. Shangazi akamkaripia. Nani Gongo la Mboto asiyejua kuwa jirani yao Badru aliwekewa mashine ya oksijeni, akarudishwa maiti? Babu mwenyewe, hata kusema kulimchosha.

Shangazi alikubali pale tu pumzi zilipoanza kumkatika mzee; walimpakia kwenye bajaji midomo ikiwa imeshakuwa myeusi. Hospitalini, Daktari Demetria aliuliza kama mgonjwa ana maradhi mengine. Shangazi akajibu kwamba hana, alikuwa buheri wa afya. Aliogopa kwamba wakijua ni mgonjwa wa siku nyingi, watamtelekeza.

"Ana kisukari na presha," Tabu alisema. "Na hajameza vidonge tangu aanze kukohoa."

Shangazi alimfinya mkono kwa nguvu.

Sukari ilikuwa imepanda vibaya. Wakamwekea oksijeni, lakini mapafu yalikuwa yamechoka mno. Kesho yake Babu alifariki, na Tabu alimuaga kupitia dirisha la wodi.

Msibani shangazi aliwaambia wanawake kwamba mashine ndiyo iliyomuua mzee, na kwamba Tabu ndiye aliyeng'ang'ania apelekwe. Wakamtazama yule mtoto kwa jicho baya, wakamwacha ale peke yake. Loo, ukatili gani huo, kumtwika mtoto kifo cha babu yake!

Arobaini haijafika, shangazi naye akaanza kukohoa na kuhema. Wale wanawake hawakuja kumjulia hali. Tabu ndiye aliyekimbia kutafuta bajaji.

"Usinipeleke kwenye mashine," shangazi alilia, ameshikilia mlango.

"Babu tulimsubirisha," Tabu alisema. "Wewe sikusubirishi."

Shangazi aliwekewa mashine ileile. Akatoka kwa miguu yake.

Siku ya kisomo cha arobaini, shangazi alimwita Tabu mbele ya wale wanawake, akamshika mkono uleule aliomfinya.

"Mashine haikumuua baba," alisema. "Alikuwa mzee, ana sukari, ana presha. Mtu kama huyo ndiye wa kuwahishwa, na daktari aambiwe kweli. Mie nilimnyima vidonge, nikamchelewesha, nikadanganya. Halafu nikamsingizia mtoto."

Wanawake waliinamisha vichwa. Lakini Tabu alijua kwamba babu yake harudi.

Asubuhi iliyofuata alimpelekea shangazi vidonge vya presha, maana naye alikutwa nayo hospitalini. Akasimama pale mpaka shangazi alipovimeza.