Mpira Uliomchapa Shallon

Kila siku kabla ya shule, Shallon alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kukoleza makaa katika hoteli ya mama yake, kibanda cha bati pale soko la Custom, ili madereva wa bodaboda wakute chai na chapati za moto. Ya pili ilikuwa kuruka kamba nyuma ya kibanda mpaka jasho limtoke, kwa maana alikuwa bondia, na Jumamosi angepanda ulingoni kupambana na msichana wa mtaa wa Jebel.

Kasoro yake Custom nzima iliijua. Kocha Saturnino aliitangaza mbele ya watu.

"Konde lako linatoka mbio, lakini linarudi kama mtoto aliyetumwa dukani akakutana na wenzake. Kabla mkono haujafika kidevuni, mwenzako ameshakupiga."

Wote walicheka, na aliyecheka zaidi ni Teresina, rafiki yake waliyevaa naye glavu zilezile kwa zamu.

"Ruka kamba, piga hewa, piga pedi ninazokushikia," kocha akaongeza. "Kasi itakuja. Na msibuni mazoezi yenu bila mimi."

Shallon aliona hiyo kasi ya kungojwa haitafika kabla ya Jumamosi. Jumatano jioni alimwomba Silvester, dereva wa boda aliyekula pale kila siku, kipande cha tyubu kuukuu, ile mipira ya kufungia mizigo. Akafunga ncha moja kwenye nguzo ya jiko, nyingine akaizungusha kwenye ngumi. Akasimama akiitazama nguzo na kuuvuta mkono hadi kidevuni, haraka, tena na tena. Akavuta kwa nguvu zaidi. Fundo likafyatuka, na mpira ukamchapa jicho la kushoto.

Alichuchumaa akiwa ameziba uso. Hakulia, asije akasikika.

Asubuhi jicho lilikuwa jekundu.

"Wee Shallon, hiyo jicho iko na nini?" mama yake akauliza.

Kabla hajajibu, Silvester alisogeza kiti chake mbali, kikombe mkononi. "Mama Shallon, hiyo ni apolo. Kule mtaa wa Mangateen imejaa."

Apolo ndilo jina ambalo Waganda huupa ugonjwa wa macho mekundu, ule unaoambukiza nyumba nzima. Shallon alijua si apolo. Lakini akisema ukweli, mama atampiga marufuku masumbwi.

"Labda nimeambukizwa," akasema.

"Na nani?"

"Sijui. Labda ni glavu."

Custom ni mahali ambapo ukipiga chafya kwenye duka la sabuni, wauza vitenge wanakuuliza kama umepata dawa. Kufikia mchana, soko zima lilijua kwamba Teresina, mwenye macho meupe kama maziwa, ndiye aliyeleta apolo. Kwenye uwanja wa mazoezi wenzake walimzuia kugusa ndoo ya maji. "Wewe kunywa kwenu," walimwambia. Kocha naye aliwaambia wasichana wote wawili wakae nyumbani mpaka awatazame.

Mwanzoni uongo ule ulimfaa Shallon, maana hakuna aliyemsogelea kumchunguza. Alipewa kona yake, sahani yake na kikombe chake. Alhamisi jioni aliziba jicho zima, akatazama kwa lile bovu. Taa ilionekana kama iko nyuma ya moshi.

Ijumaa alijaribu tena. Mama yake alisimama jikoni, lakini hakuwa na uso. Palikuwa na kivuli cha kahawia tu kikigeuza chapati.

Hoteli ilijaa, watu wanasimuliana na kucheka, na yeye kwenye kona hakuwa na hata mmoja wa kumshika mkono. Je, akiwa kipofu?

Teresina alikuja mchana. Alipita katikati ya wateja, akaketi pale pale kando yake.

"Usikae hapa," Shallon akanong'ona.

"Kama mimi ndiye nimekupa, huwezi kunipa tena. Nataka kuiona hiyo apolo yangu." Akamwinua kidevu, kisha sauti yake ikabadilika. "Shallon, hii si apolo. Damu imetuama ndani, kama chai iliyobaki chini ya glasi."

Shallon akasimama mbele ya watu wote.

"Mama, si apolo. Nilijichapa kwa mpira wa tyubu. Teresina hana ugonjwa wowote. Nilidanganya, na sasa sioni."

Chapati iliungua na hakuna aliyeitoa. Silvester alikuwa ameshawasha pikipiki kuwapeleka hospitali.

Daktari wa macho alimulika jicho kwa muda mrefu. "Damu imevuja mbele ya mboni," alisema. "Ungepigwa konde moja hapo kesho, pengine jicho lingekufa. Utalala umeinua kichwa, hutakimbia, na utakuja nikupime kila siku."

"Litapona?"

"Bado sijui, binti yangu."

Hayo ndiyo maneno aliyolala nayo usiku baada ya usiku, ngao ya plastiki ikiwa juu ya jicho. Kila asubuhi alijaribu, na kila asubuhi moshi ulikuwepo. Mpaka siku moja aliziba jicho zima akamwona mama yake, na unga wa ngano juu ya pua. Alilia mpaka mama akadhani anaumwa.

Daktari alipomruhusu kutembea, Shallon alikwenda uwanjani. Kocha Saturnino alikuwa na ule mpira wa tyubu mkononi, na wachezaji wote walimzunguka.

"Mkono utapata kasi, hiyo ni kazi yangu," alisema. "Lakini mtu akiumia, kitu cha kwanza kukimbia ni mdomo wake, uende kwa mkubwa ukaseme ukweli. Mdomo wako ulichelewa, Shallon. Nusura ulipe jicho, na mwenzako akafukuzwa kwenye maji kwa kosa lisilo lake."

Shallon alichota kikombe cha maji kwenye ndoo, akampelekea Teresina mbele ya wote.

Teresina akanywa nusu, akamrudishia. Shallon akanywa iliyobaki.