Utando Kwenye Dirisha la Bibi

Kila Jumamosi Tuuli, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikwenda kumfanyia usafi Bibi Kerttu, ghorofa ya nne, mjini Oulu, Finland. Madirisha mapya ya Bibi yalizuia baridi barabara, lakini yalizuia na mawimbi ya simu. Hata bangili yake yenye kitufe cha kuita msaada ilikuwa pambo tu. Ndipo juzi fundi Jarmo alipobandika kwenye kioo utando mwangavu wenye mistari myembamba, ili mawimbi ya simu yapite.

Jumamosi hiyo Bibi alimsimulia Tuuli jinsi fundi alivyokuja, lakini Tuuli hakumwamini hata kidogo. Fundi gani anakataa kahawa ya Bibi na mkate wake mtamu, kisha anaondoka mbio?

"Bibi, yule mtu ana lake jambo. Hiyo mistari inatusikiliza."

"Acha vituko, mjukuu wangu. Osha dirisha."

Bibi alipoingia jikoni, Tuuli alichukua kikwangulio, akaubandua utando wote na kuutia mfukoni. Roho yake ikatulia.

Jioni hiyohiyo, Tuuli akiwa kwao, Bibi aliteleza bafuni, akaumia mkono. Alibonyeza kitufe, kimya. Alibonyeza tena, kimya. Alikaa sakafuni kwa muda wa saa mbili mpaka jirani akasikia kelele zake.

Kesho yake mama yake Tuuli alimwita Jarmo kwa Bibi, akamkabili mlangoni kabla hajaingia.

"Umembandikia mama yangu takataka! Namwandikia bosi wako sasa hivi."

"Niliupima mwenyewe, mama. Ulifanya kazi," Jarmo alisema, uso umemshuka.

Tuuli aliwaza yale masaa mawili. Kunyamaza kulikuwa rahisi, lakini fundi angefukuzwa kazi bure.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Niliubandua. Nilidhani anatupeleleza, kwa sababu alikataa kahawa."

"Kahawa?" Jarmo alishangaa. "Binti, nilikuwa nimeshakunywa vikombe tisa kwa majirani wa Bibi! Nilikuwa nakimbilia choo."

Mama alimwomba radhi. Jarmo akabandika utando mwingine, Bibi akabonyeza kitufe, na sauti ya muuguzi ikaitika papo hapo kwenye bangili.

Bibi alimvuta Tuuli karibu, mkono wake ulioumia ukiwa na bandeji.

"Umesema kweli, na nimekusamehe. Kumshuku mtu si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kumhukumu bila kumuuliza. Ungemuuliza swali moja tu, nisingelala sakafuni."